SANAA: Miwani ya takataka inayochekesha kisha kumfumbua mtazamaji macho

MIWANI hutengenezwa ili anayeivaa aone vyema. Miwani inayoundwa na msanii Cyrus Kabiru wa jijini Nairobi hufanya kinyume: anayeivaa huona kwa shida, lakini walio karibu naye hushindwa kumwondolea macho.

Miwani hiyo haina vioo vilivyopimwa na daktari. Imeundwa kwa waya, vijiko, vizibo vya soda, vipande vya redio na kompyuta zilizoharibika, wavu wa chuma na vikorokoro vingine vilivyotupwa na wakazi wa jiji. Mingine hufanana na uso wa mdudu, mingine na kinyago, na mingine humfanya mvaaji aonekane kama mgeni kutoka sayari nyingine.

Kazi hizo, ambazo kwa jumla huitwa C-Stunners, zimemfikisha mbali msanii huyo aliyezaliwa mwaka wa 1984 na ambaye hakusomea sanaa chuoni. Mwaka wa 2013 aliteuliwa kuwa miongoni mwa wabunifu vijana wanaoungwa mkono na shirika la mihadhara la TED.

Mwaka wa 2015 alishiriki katika maonyesho ya Making Africa, yaliyoanzia katika jumba la Vitra Design Museum nchini Ujerumani na kupelekwa baadaye katika jumba la Guggenheim mjini Bilbao, Uhispania. Baadhi ya kazi zake zimo pia katika hazina ya Zeitz MOCAA, jumba la sanaa ya kisasa lililofunguliwa jijini Cape Town mwaka wa 2017.

Pamoja na sifa hizo zote, jambo la kwanza ambalo miwani hiyo humtendea mtu ni kumchekesha. Wapo wanaoona kicheko hicho kuwa dalili kwamba kazi yenyewe ni mchezo wa watoto. Wengine huona aibu kucheka ndani ya jumba la sanaa, wakidhani kwamba sanaa ya maana ni ile inayotazamwa kwa uso uliokunjwa.

Makala haya yanaeleza kwa nini pande zote mbili zimekosea. Kicheko ndicho mlango wa kazi hizi. Kasoro huwa ni kwa mtazamaji anayesimama mlangoni asiingie ndani.

Chimbuko la miwani

Kabiru amesimulia mara kadhaa katika mahojiano jinsi alivyoanza. Akiwa mtoto alitamani sana kuwa na miwani, lakini babake hakutaka hata kusikia habari hiyo. Mzee huyo, naye alipokuwa kijana, aliwahi kuharibu miwani aliyokuwa nayo akaadhibiwa vikali nyumbani, na tangu siku hiyo akakichukia kifaa hicho. Alimwambia mwanawe kwamba akitaka miwani basi ajitengenezee mwenyewe.

Mtoto akajitengenezea. Shuleni akawa anaunda vitu vya kuchezea na kuwapa wenzake, nao wakamlipa kwa kumfanyia kazi za ziada za masomo. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa kwa alama za juu, na amewahi kueleza kuwa wazazi wa mtaani walimtumia kama mfano mbaya: walitisha watoto wao kwamba wasipotia bidii masomoni wataishia kuwa kama yeye.

Jambo la pili lililomkuza ni mahali alipoishi. Nyumba yao ilitazamana na dampo ambako taka za jiji zilimwagwa. Asubuhi, kabla ya kuona kitu kingine chochote, aliona takataka. Ndipo, kwa maelezo yake, alipopata wazo la kuipa takataka nafasi ya pili.

Masimulizi haya mawili, la baba aliyekataa na la dampo lililo mlangoni, yanafaa kukumbukwa na kila anayetazama kazi zake. Mzaha ulio ndani ya miwani hiyo umezaliwa na kunyimwa, wala si wa mtu aliyeshiba akakosa la kufanya.

Kwa nini tunacheka

Kicheko kinachotokana na kazi hizi kina sababu zinazoweza kuelezwa. Ya kwanza ni kitu kuonekana mahali pasipo pake. Kijiko tunakijua mezani na wavu tunaujua dirishani. Vinapowekwa juu ya macho ya binadamu, akili husita kidogo, kisha hujikomboa kwa kucheka.

Sababu ya pili ni utambuzi. Mtazamaji hucheka zaidi anapogundua kwamba kile alichodhani ni pambo la thamani ni kizibo cha soda aliyokunywa jana. Ni furaha ya yule anayetegua kitendawili. Jibu lilikuwa mbele yake wakati wote, tena ni kitu cha nyumbani kwake.

Sababu ya tatu inahusu macho yenyewe. Wahenga walisema macho hayana pazia, na miwani ya Kabiru ni pazia hasa. Humficha mvaaji huku ikimtangaza. Tumezoea kumjua mtu kwa kumtazama machoni. Tukikuta vizibo mahali pa macho, hatujui tena kama tunatazama mtu, kinyago au mtambo.

Msanii mwenyewe huvaa miwani hiyo na kupigwa picha akiikabili kamera, na picha hizo nazo ni sehemu ya kazi. Miwani iliyolala mezani ni nusu tu ya sanamu. Nusu ya pili ni uso wa mtu, jinsi anavyoinua kidevu na anavyovaa, na wale wanaomtazama. Ndiyo maana kazi hizi hukaa katikati ya uchongaji, mitindo ya mavazi, upigaji picha na maigizo, na si rahisi kuzitia katika kapu moja.

Hata majina yanabeba utani. Kazi kadhaa za miwani zimepewa jina la Macho Nne. Mwalimu wa Kiswahili atapinga papo hapo kwamba usahihi ni "macho manne", na atakuwa amesema kweli. Ila "macho nne" ni Kiswahili cha mitaa ya Nairobi, na ndilo jina la dhihaka ambalo watoto humwita mwenzao anayevaa miwani. Msanii amelichukua neno la kumuumbua mtoto darasani akalifanya kuwa jina la kazi inayoning'inizwa katika majumba makubwa ya sanaa.

Mzaha unaobeba ukweli

Katika utamaduni wetu, mzaha haujawahi kuwa jambo jepesi. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zina desturi ya utani, ambapo watu wa kundi moja wana ruhusa ya kuwaambia wenzao wa kundi jingine ukweli mchungu, hata matangani, bila yeyote kukasirika. Mtani husema lile ambalo ndugu analiogopa.

Humu nchini, mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi la wachekeshaji la Redykyulass liliwaiga viongozi wa serikali akiwemo Rais Daniel arap Moi, wakati ambapo wengi walikuwa bado wakimtaja kwa kunong'ona. Wakenya walicheka, na katika kucheka huko hofu ikapungua.

Methali pia inatukumbusha: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kwa kawaida hutumiwa kuonya kwamba mchezo waweza kuleta madhara. Lakini ina maana nyingine inayofaa hapa. Usaha ulikuwa ndani ya jipu tangu mwanzo, na mzaha umeufanya tu uonekane.

Hivyo ndivyo miwani hii inavyofanya kazi. Hakuna anayependa kutazama takataka. Tukipita kando ya rundo la taka tunaziba pua na kugeuza uso. Lakini mtu huyo huyo anayegeuza uso barabarani husogea karibu na miwani ya Kabiru, huinama, huchunguza kila kipande na hata kutamani kuijaribu. Kicheko kimemfikisha mahali ambapo mahubiri kuhusu usafi wa mazingira yasingemfikisha.

Aliyefika karibu hana budi kujiuliza swali linalofuata: vitu hivi vyote vilitoka wapi?

Nyuma ya kicheko kuna Dandora

Dampo kubwa zaidi jijini Nairobi ni lile la Dandora, upande wa mashariki. Lilianza kutumiwa katika miaka ya 1970, na kufikia mwaka wa 2001 lilikuwa limetangazwa kuwa limejaa. Pamoja na tangazo hilo, malori yaliendelea kumwaga taka hapo kwa miaka mingi iliyofuata, na maelfu ya watu wakaendelea kujipatia riziki kwa kuchokora plastiki, karatasi, chuma na nyaya.

Mwaka wa 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao makuu papa hapa Nairobi, lilichapisha utafiti uliohusisha watoto 328 wa eneo la dampo hilo. Karibu nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara yake hayaondoki kwa urahisi.

Hatari nyingine hutokana na vifaa vya umeme vinavyotupwa. Nyaya huchomwa ili shaba iliyo ndani ipatikane, na moshi wake huvutwa na yule anayezichoma pamoja na majirani. Kipande cha redio kinachong'aa juu ya miwani ya kuchekesha kimetoka katika mkondo huo huo wa taka.

Hapo ndipo palipo na jambo zito katika sanaa hii. Ni rahisi mtazamaji kusifu ubunifu, akafurahia kwamba "hata taka zina faida", kisha akaenda zake akiwa ameridhika kuwa tatizo limepata ufumbuzi. Halijapata. Hata miwani elfu moja haiwezi kupunguza mlima wa taka ambao jiji la mamilioni ya watu huuongeza kila siku. Sanaa haizoi taka. Inachoweza kufanya ni kuifanya ionekane na wale waliozoea kutoiona, na kuanzia hapo jukumu ni la serikali ya kaunti, viwanda na kila anayetupa kitu.

Mfano wa namna hiyo uko pia Pwani. Mwaka wa 2018, mafundi wa Lamu walizindua Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyokusanywa na kupambwa kwa ndara kuukuu takriban 30,000 zenye rangi za kila namna. Mapema mwaka wa 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Watu walitabasamu walipoliona jahazi la rangi za pipi, lakini mabaharia wake hawakuwa wakiuza tabasamu. Waliitumia safari hiyo kuzungumzia plastiki inayotupwa baharini.

Watazamaji wa nje na wa nyumbani

Miwani ile ile haitazamwi kwa namna moja na watu wote. Kwa mtazamaji wa Ujerumani au Uhispania, kinachoonekana kwanza huenda kikawa Afrika yenyewe: bara linalotengeneza kitu kizuri kutokana na umaskini. Ni mtazamo wenye nia njema, lakini una mtego. Unaweza kumgeuza msanii kuwa ushahidi wa umaskini wake, na kuusahau uhodari wa mikono na mawazo yake.

Mtazamaji wa Nairobi ana faida ambayo yule wa ng'ambo hana. Anavijua vitu vyenyewe. Anajua redio ya aina ile ilikaa wapi sebuleni kwa nyanya yake. Akitazama waya uliopindwa, hukumbuka magari ya waya ambayo watoto wa mashambani na mijini waliyaunda na kuyaendesha kwa kijiti kirefu. Kwake yeye, sanamu hii ni jamaa wa mchezo wa utotoni na wa kazi ya fundi wa jua kali anayegeuza pipa kuwa jiko.

Lakini ujuzi huo huo una hasara. Anayekijua kitu sana hukidharau. Kwa nini alipe kutazama takataka ilhali takataka imejaa nje ya nyumba yake? Matokeo yake ni kwamba wasanii wetu wengi hupongezwa ugenini kabla ya kutambuliwa nyumbani, na kazi zao hununuliwa na kuhifadhiwa na majumba ya nchi nyingine. Mtoto wa Kenya anayetaka kuziona huishia kuzitazama kwenye picha.

Hii ni hasara ya kweli. Kazi iliyotokana na maisha ya Nairobi inapokosa watazamaji wa Nairobi, hupoteza wale ambao wangeielewa kuliko wote.

Baiskeli zilizopitwa na wakati

Ili kuelewa kwamba Kabiru hachekeshi tu, ni vyema kutazama pia kazi zake nyingine zinazoitwa Black Mamba. Hilo ni jina ambalo Wakenya waliipa ile baiskeli nyeusi, nzito na imara, iliyobeba maji, maziwa, magunia ya mahindi, wagonjwa na hata maharusi.

Baiskeli hizo ndizo zilizoanzisha biashara ya bodaboda mjini Busia, zikivusha abiria kati ya mpaka wa Kenya na ule wa Uganda. Pikipiki ndizo zilizoziondoa barabarani, hasa baada ya serikali mwaka wa 2008 kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya 250cc. Baada ya miaka michache, baiskeli iliyokuwa fahari ya boma ikawa chuma cha kupimwa kwa kilo.

Kabiru huchukua vipande vya baiskeli hizo, yaani minyororo, spoki, taa na usukani, akaviunda upya kuwa sanamu. Mtu aliyewahi kupakiwa nyuma ya Black Mamba na babake akienda shuleni hawezi kuishia kucheka tu mbele ya sanamu kama hizo. Kwanza atatabasamu, kisha atanyamaza. Redio kuukuu alizozipa msanii huyo maumbo mapya nazo huamsha hisia kama hiyo, kwa maana kuna wakati ambapo kijiji kizima kilikusanyika penye redio moja kusikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo.

Kwa hivyo, mbali na kuhusu taka, kazi hizi zinahusu pia kumbukumbu. Kila kilichotupwa kilikuwa cha mtu fulani, na kilimfaa kabla ya kumchosha.

"Hata mtoto wangu anaweza"

Swali ambalo haliepukiki ni lile la thamani. Wapo wanaotazama miwani ya vizibo wakasema kwamba hata mtoto wao angeweza kuiunda. Hoja hiyo haikuanzia Kenya. Mwaka wa 1913, Marcel Duchamp alisimamisha gurudumu la baiskeli juu ya kigoda. Mwaka wa 1942, Pablo Picasso aliunganisha kiti cha baiskeli na usukani wake, akapata kichwa cha fahali. Hao nao walisababisha watu kuuliza kama huo ni ustadi au ni masihara.

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, ni kweli mtoto anaweza kuanza. Kabiru mwenyewe alianza akiwa mtoto. Lakini kuanza si kumaliza. Kuunganisha vipande vigumu visivyofanana hadi vikae sawa juu ya pua na masikio, viwe na mizani, visimchome mvaaji, na bado vionekane kana kwamba vilizaliwa pamoja, ni kazi ya mikono iliyofanya mazoezi kwa miaka mingi.

Pili, thamani ya kazi ya sanaa haitokani na bei ya malighafi. Udongo wa mfinyanzi hauna bei kubwa, na maneno ya mshairi ni ya bure. Tunachothamini ni jicho lililoona sura ndani ya kitu ambacho wengine wote walikipita. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mara nyingi sote tunahitaji kuambiwa.

Namna ya kuzitazama

Mtu anayekutana na sanamu za aina hii kwa mara ya kwanza, iwe ni katika studio, maonyesho au kwenye picha, hahitaji shahada ya sanaa. Anahitaji muda kidogo na maswali machache.

Aanze kwa kucheka bila haya, kwani kazi yenyewe imemkaribisha afanye hivyo. Kisha ajiulize: kila kipande hiki kilikuwa nini kabla ya kufika hapa, na nani alikitumia? Kwa nini kimewekwa mahali hapa na si pengine? Mwisho ajiulize swali gumu zaidi: mimi nimetupa nini wiki hii, na kimeishia kwa nani?

Wazazi na walimu nao wana nafasi yao. Mtoto anayeunda gari la waya au miwani ya vizibo mara nyingi huambiwa aache upuuzi akasome. Masomo ni muhimu, wala hakuna anayepinga. Lakini kijana aliyetumiwa mtaani kuwa mfano mbaya ndiye ambaye baadaye kazi zake zilivuka bahari. Pengine makosa hayakuwa katika mchezo wake, bali katika macho ya waliomtazama.

Miwani ya Kabiru haimsaidii mvaaji kusoma gazeti wala kuona mbali. Manufaa yake ni kwa anayesimama upande wa pili, mradi asiondoke mara tu kicheko kinapokwisha.